Halali Tumeijua, Tayyib Je?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuwaruzuku walioko ardhini, angani na baharini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba wake na kila anayeufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ammaa ba'ad.

Ndugu zangu katika imani, kaka na dada zangu wa vyuo vya Kigali na vya mikoani,

Ninalotaka tuzungumze safari hii limetokana na swali. Dada mmoja mwanafunzi alinifuata baada ya darsa akaniambia: "Ustadh, tangu mwezi wa Shaaban nimeacha nyama, samaki, mayai na maziwa. Nakula mimea tu. Nimesoma kwamba ni bora kwa afya, na kwamba ng'ombe wanachangia kuharibu hali ya hewa. Wenzangu wa chumbani wanasema nimeharamisha alichohalalisha Allah. Je, nimepata dhambi?" Kabla sijafungua mdomo, kaka mmoja akadakia kutoka nyuma: "Na Idi ya kuchinja utaifanyaje, utachinja kabichi?" Watu wakacheka. Dada yule hakucheka.

Mtu akija na swali la dini akaondoka na kicheko, tumemdhulumu. Siku ile nilimjibu kwa ufupi. Leo naandika jibu lenye nafasi, kwa sababu najua hayuko peke yake. Ulaji huu wa mimea mitupu, ambao wenyewe wanauita uvigani, umeshaingia katika mabweni yetu kupitia simu, na kila mmoja ana neno lake juu yake. Tuupime kwa Kitabu cha Allah, kwa Sunna ya Mtume wake, na kwa elimu ambayo Allah amewafungulia waja wake.

MANENO MAWILI, SI MOJA

Katika Suratul-Baqara aya ya 168, Allah (s.w.) anawaita watu wote, si waumini peke yao, wale katika vilivyomo ardhini vilivyo halali na tayyib, wala wasifuate nyayo za shetani. Zingatia kwamba sifa zilizotajwa ni mbili. Ibn Kathir katika tafsiri yake ameeleza kuwa tayyib ni kile kilicho kizuri chenyewe, kisichodhuru mwili wala akili.

Halali sisi tumeijua, na alhamdulillahi. Mwanafunzi wa Kiislamu akiingia mgahawani mjini, swali lake la kwanza ni nani aliyechinja. Akinunua pipi anageuza karatasi kutazama kama ndani mna jelatini, na ya mnyama gani. Akialikwa kwa jirani asiye Mwislamu anauliza kwa adabu mafuta yaliyokaangia. Huo ni ucha Mungu, na tusiuache.

Lakini neno la pili tumeliacha mlangoni. Nyama ikishakuwa imechinjwa na Mwislamu, kwetu maswali yamekwisha. Hatuulizi nimekula kiasi gani, mwili wangu unafanywa nini na chakula hiki, kimeacha nini nyuma yake shambani, na nani amekosa ili mimi nishibe. Haya yote yanaingia katika tayyib. Na hapo ndipo dada yetu, kwa namna yake, ametukumbusha jambo ambalo sisi tuliomcheka tulikuwa tumelisahau.

HUKUMU YA ANAYEACHA NYAMA

Tuanze na lililo wazi. Nyama ya wanyama wa mifugo ni halali, na kuihalalisha kwake ni neema. Katika Suratun-Nahl aya ya 5 Allah anataja wanyama wa mifugo kuwa Amewaumba, na kwamba kwao tunapata joto na manufaa, na miongoni mwao tunakula. Aya ya 66 ya sura hiyo hiyo inataja maziwa safi yanayotoka kati ya kinyesi na damu kuwa ni mazingatio kwetu. Na katika Suratul-Maida aya ya 87 waumini wamekatazwa kuviharamisha vizuri alivyowahalalishia Allah.

Katika Sahih Muslim, Anas (r.a.) amepokea habari ya watu waliotaka kuzidisha ibada. Mmoja alisema hataoa, mwingine akasema hatakula nyama, mwingine akasema hatalala kitandani. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwakemea, akabainisha kuwa yeye anaswali na analala, anafunga na anakula, anaoa, na kwamba anayeipa mgongo Sunna yake si katika yeye. Basi hakuna Mwislamu awezaye kudai kwamba kuacha nyama kunamkurubisha kwa Allah kuliko mwendo wa Mtume, ambaye alikula nyama na akaipenda sehemu ya mkono wa mbuzi.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba hakuna aya wala hadithi inayomlazimisha mtu kula nyama. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya mjusi wa jangwani, akaondoa mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akamuuliza kama ni haramu. Akajibu kuwa si haramu, ila haikuwa katika nchi ya watu wake, nafsi yake haiitaki. Khalid akaivuta sahani akala, na Mtume akimtazama. Angalieni fikihi iliyomo katika mlo huo mmoja: asiyekula hakuharamisha, na aliyekula hakumcheka asiyekula.

Tena Mama Aisha (r.a.) amesimulia kwamba ilikuwa ikipita miezi pasipo kuwashwa moto wa kupikia katika nyumba za Mtume, na chakula chao kikawa tende na maji. Na Umar bin Khattab (r.a.), kama ilivyo katika Muwatta ya Imamu Malik, aliwaonya watu juu ya nyama kwa kuwa ina mazoea yanayomtawala mtu kama pombe inavyomtawala mnywaji wake. Umar hakuiharamisha. Alikuwa kiongozi aliyeona watu wake wakianza kuwa watumwa wa tumbo.

Kwa hiyo, dada yangu, ukisema: "Nyama ni halali, lakini mimi siili kwa sababu ya afya yangu au kwa kutopenda kuzidisha uharibifu," hujatenda dhambi, na anayekuita mpotevu amekuonea. Ukisema: "Kuchinja ni dhuluma, na kila anayechinja ni muuaji," hapo umevuka mpaka, kwa sababu umeihukumu sheria ya Mola wako kwa huruma yako, na Yeye ndiye aliyekupa hiyo huruma.

Wala swali hili halikuletwa jana na Wazungu. Katika karne ya 11 huko Sham aliishi mshairi kipofu Abul-Alaa al-Ma'arri, aliyeacha nyama, maziwa, mayai na hata asali. Mwanachuoni wa Kifatimi, al-Mu'ayyad fid-Din ash-Shirazi, alimwandikia kumhoji, nao wakajibizana kwa barua. Miaka elfu moja iliyopita Waislamu walilijadili jambo hili kwa kalamu. Sisi tunashindwaje kulijadili bila kebehi?

MWILI NI AMANA

Dada yetu alisema mimea ni bora kwa afya. Je, ni kweli? Jibu la haki lina pande mbili, na Mwislamu haruhusiwi kuchukua upande unaompendeza tu.

Upande wa kwanza: mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliziweka nyama za kusindika kama soseji katika orodha ya vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, na nyama nyekundu katika orodha ya vile vinavyoelekea kuisababisha. Huko Uingereza, utafiti uitwao EPIC-Oxford uliwafuatilia watu zaidi ya 48,000 kwa miaka mingi. Matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionesha kuwa wasiokula nyama wala samaki walikuwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa asilimia 22 pungufu kuliko walaji wa nyama.

Upande wa pili: utafiti huo huo ulionesha kuwa watu hao hao walipata kiharusi kwa asilimia 20 zaidi. Na mwaka 2020 watafiti wake walieleza kuwa wanaokula mimea mitupu walivunjika mifupa kwa asilimia 43 zaidi ya wanaokula nyama. Tena kuna vitamini B12, ambayo mwili unaihitaji kwa ajili ya damu na mishipa ya fahamu, na ambayo mimea haina. Ini huweka akiba yake kwa muda mrefu, hivyo mtu anaweza kuacha nyama, mayai na maziwa, akajiona mzima, akajisifu, halafu baada ya miaka ganzi ikaanza miguuni na kumbukumbu ikapungua. Anayekula mimea mitupu hana budi kupata B12 kwa vidonge au kwa vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wana haja kubwa zaidi, na hawa wasiingie katika ulaji huu bila kumwona mtaalamu wa lishe.

Na tusidanganywe na jina. Mtu anaweza kula chipsi asubuhi, maandazi mchana na soda usiku. Hajagusa mnyama, lakini hicho alichokula kiko mbali na tayyib.

Sasa sikilizeni habari ya hapa hapa kwetu, maana inatuhusu kuliko za Oxford. Huko Huye, katika chuo kikuu, watafiti waliwachukua wanafunzi wa kike 195, wenye umri wa miaka 18 hadi 27, ambao akiba yao ya madini ya chuma mwilini ilikuwa ndogo. Hawakuwapa nyama. Waliwalisha maharage mara mbili kwa siku, kwa siku 128. Kundi moja lilipewa maharage ya kawaida, na jingine maharage yaliyozalishwa kwa njia ya kawaida ya uteuzi wa mbegu ili yawe na chuma zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionesha kuwa damu ya waliokula maharage yenye chuma zaidi iliongezeka nguvu kuliko ya wenzao. Mwaka uliofuata yakachapishwa matokeo mengine: wasichana hao walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya kumbukumbu na uangalifu.

Dada zangu, naomba msipite hapa haraka. Hao walikuwa wanafunzi kama ninyi, wa nchi hii, wanaokaa bwenini na kupanga foleni ya melanje. Kila mwezi miili yenu inapoteza damu ambayo ya kaka zenu haipotezi. Kuna dada anayesinzia darasani akidhani ni mvivu, anapanda kilima cha chuo akihema, anajilaumu kwa kusahau alichosoma jana, na kumbe upungufu ni wa chuma. Wala upungufu huo haumchagui asiyekula nyama tu. Unampata pia anayekula nyama mara moja kwa mwezi na siku nyingine zote anaishi kwa chai na mkate. Nenda kapime damu. Kupima ni katika kuichunga amana.

Na Allah ameweka dawa karibu. Chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida, lakini kinasaidiwa na vitamini C: kamulia limau juu ya maharage, kula nyanya mbichi, pasheni au embe pamoja na mlo. Loweka maharage usiku kucha kabla ya kuyapika. Na chai, ambayo sisi watu wa Rwanda tunaipenda, inazuia chuma kisiingie, basi iache isubiri saa moja au mbili baada ya kula. Weka kisamvu, ambacho hapa tunakiita isombe, weka dodo, weka karanga. Maharage pamoja na ugali wa mahindi au wali hukamilishana protini. Bibi zetu walikuwa wakiyala haya kabla neno uvigani halijazaliwa, basi anayemwambia dada yetu kuwa ameiga Wazungu amtazame kwanza nyanya yake alichopika.

ARDHI NAYO ITATUSHITAKI

Upande wa mazingira, dada yetu ana hoja nzito. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kuwa ufugaji unachangia asilimia 14.5 ya gesi zinazoongeza joto duniani kutokana na shughuli za binadamu. Ng'ombe anapocheua hutoa gesi ya methani, ambayo nguvu yake ya kuleta joto ni kubwa mno kuliko ya hewa ya kaboni. Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walikusanya taarifa za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119. Wakakuta kuwa nyama, maziwa, mayai na samaki wa kufugwa vinatumia takriban asilimia 83 ya ardhi ya kilimo, lakini vinatupa asilimia 18 tu ya nguvu tunazopata kwa chakula, na asilimia 37 ya protini.

Msidhani hayo ni ya Brazili peke yake. Kaskazini-magharibi ya nchi yetu, Msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970. Katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ilifyekwa kufanywa malisho ya ng'ombe na mashamba ya miti. Baada ya 1994 wakaja wakimbizi waliorejea, watu wasiokuwa na pa kwenda, wakalima na kulisha mifugo yao humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi. Miteremko ikabaki uchi, mvua ikasomba udongo, na sokwe waliosalia wakabaki wachache wa kuhesabika. Mwaka 2015 iliundwa Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, na mwaka 2020 UNESCO ikaitambua sehemu hiyo. Miti inapandwa, msitu unarudi taratibu. Kuukata kulichukua miaka michache, na kuurudisha kutachukua umri wa watu wengi.

Katika Suratur-Rum aya ya 41 Allah anatujulisha kuwa uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu, ili Awaonjeshe baadhi ya waliyoyafanya huenda wakarejea. Nchi yetu ina watu 503 katika kila kilomita moja ya mraba kwa hesabu ya sensa ya 2022, na karibu yote ni miteremko. Hapa hakuna mahali pa kuficha makosa ya ardhi.

Lakini mizani ina sahani mbili, na Suratur-Rahman imetukataza kuipunja. Mwaka 2006 ulianza mpango wa Girinka, wa kuipa kila familia maskini ng'ombe mmoja. Familia ikapata maziwa ya watoto na samadi ya shamba, na ndama jike wa kwanza akapewa jirani mwingine maskini. Ng'ombe huyo anakaa zizini, analishwa matete yaliyopandwa kwenye matuta yanayozuia mmomonyoko, na kinyesi chake kinarudi kuotesha yale maharage tuliyoyataja. Anayemwambia mama mjane wa kijijini amwondoe ng'ombe wake mmoja ili kuiokoa dunia, hali yeye amekaa Kigali akila parachichi na maziwa ya lozi kutoka ng'ambo, hajafanya uadilifu. Uharibifu uliotajwa na aya haukuletwa na yule mjane. Umeletwa na israfu ya walioshiba.

NYAMA HII NI YA NANI?

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipotaka tufike. Katika mji huu wapo watu wa aina mbili wasiokula nyama. Yupo aliyeiacha kwa hiari, na yupo aliyeachwa nayo. Takwimu za uchunguzi wa afya wa taifa wa 2019 na 2020 zilionesha kuwa asilimia 33 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mtoto mmoja katika kila watatu! Huyo hakusoma makala yoyote kuhusu uvigani. Anakula viazi na maharage, au viazi bila maharage, kwa kuwa hakuna kingine. Yai moja kwake ni dawa.

Na wakati huo huo, Ijumaa jioni mitaani kwetu Nyamirambo na Biryogo, moshi wa mishikaki unapanda, na vijana wawili wanaagiza burusheti za kutosha watu sita, wanakula nusu, na nyingine inabaki sahani hadi inapoa. Ni halali, imechinjwa na Mwislamu, bismillahi imesomwa. Je, ni tayyib? Suratul-A'raf aya ya 31 imeturuhusu kula na kunywa na ikatukataza israfu katika pumzi moja. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ametufundisha kuwa vinamtosha binadamu vitonge vya kuunyoosha mgongo wake, na kama hapana budi, basi thuluthi ya tumbo kwa chakula, thuluthi kwa kinywaji na thuluthi kwa pumzi.

Tumsikie tena alivyomuusia Abu Dharr (r.a.): ukipika mchuzi, zidisha maji yake, uwaangalie jirani zako. Hakumwambia aache nyama. Alimwambia airefushe ifike kwa mwingine. Na mwaka mmoja, masikini wa mashambani walipoingia Madina wakati wa Idi, Mtume alikataza watu wasiweke nyama ya kuchinja zaidi ya siku tatu ili iwafikie wenye njaa. Shida ilipoondoka, akaruhusu. Hiyo ndiyo Sunna ya nyama: inatazama njaa ya mwingine kabla ya hamu yangu.

Basi na yule kaka aliyeuliza kuhusu Idi, naye nimjibu. Kuchinja siku ya Idi ni Sunna iliyokokotezwa kwa mwenye uwezo. Kula katika kichinjo chako ni jambo linalopendekezwa, si lazima. Dada yetu akichinja mbuzi wake na kuigawa nyama yote kwa masikini bila kuonja, kichinjo chake ni sahihi inshaallah, kwa sababu Suratul-Hajj aya ya 37 inatufunza kuwa nyama na damu havimfikii Allah, kinachomfikia ni ucha Mungu wetu. Huenda kaka akala kilo mbili za kichinjo chake na kugawa mifupa. Nani kati yao ameielewa Idi?

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuwe na adabu ya kutofautiana. Kwenye hafla za jumuiya yetu pawe na sufuria ya maharage yaliyopikwa vizuri pembeni ya pilau, na asiyekula nyama asiulizwe maswali kama mshitakiwa. Naye asiwahubirie wenzake wakiwa wanakula.

Pili, anayekula nyama apunguze. Tume ya wanasayansi ya EAT-Lancet mwaka 2019 ilipendekeza nyama nyekundu isizidi gramu 100 hivi kwa wiki, yaani vipande vichache vya mshikaki. Siku nyingine, maharage. Na tutafute sokoni mbegu zile zenye chuma zaidi, zinalimwa nchini mwetu.

Tatu, anayeacha kabisa vya wanyama aache kwa elimu: apate B12, apime damu, na akiona mwili unadhoofika arejee kwenye yai au maziwa bila kuona haya. Hakumuahidi Allah kuacha alichomhalalishia.

Nne, pesa unayookoa kwa kuacha burusheti mbili ifike mahali. Trei ya mayai kwa familia yenye mtoto mdogo katika mtaa wa chuo chako ni sadaka ndogo yenye uzito mkubwa. Aliyeacha nyama na pesa yake ikaishia kwenye bando la intaneti, amebadilisha chakula tu.

Tano, tuchinje kwa ihsani. Mtume (s.a.w.) ameamuru kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Mbuzi kufungwa miguu juu ya pikipiki tangu asubuhi chini ya jua, kisha tukasema ni halali, ni kukiuka amri hiyo.

Sita, tupande. Katika hadithi ya Anas, Mwislamu hapandi mti au mmea, akala humo mtu, ndege au mnyama, ila inakuwa sadaka kwake. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuuone kuwa ni ibada kwa nia hiyo.

Kaka na dada zangu, Siku ya Kiyama tutaulizwa juu ya neema, na chakula ni katika neema za mwanzo. Tutaulizwa tulipokipata, na tutaulizwa tulivyokitumia. Jibu la "kilikuwa halali" litatosha kwa swali la kwanza. Tulitayarishie jibu na lile la pili.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali na kilicho tayyib. Utupe afya tuitumie katika kukutii, utukinge na israfu na ubakhili, uwashibishe watoto wa nchi yetu wenye njaa kupitia mikono yetu, na uihifadhi milima yetu na mvua iwe ya rehema. Amin, amin, ya Rabbal-alamin.

Wallahu a'lam. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.